Sura ya Sita: Seva Nayo Ipimwe Kabla ya Mnada

Ghalani, kisu husema kabla ya bei. Mkaguzi wa ubora huchota korosho ghafi kutoka magunia ya juu, ya katikati na ya chini ya lundo, akazichanganya, akapima kilo moja na kuhesabu korosho zilizomo. Kisha huzipasua moja baada ya nyingine. Viini vyeupe vilivyojaa huwekwa upande mmoja, vilivyosinyaa na vyenye madoa upande wa pili, vilivyooza au kuliwa na wadudu hutengwa kando. Vizuri huhesabiwa kwa uzito wake wote, vyenye kasoro kwa nusu, vibovu havihesabiwi kabisa. Kilo moja ikitoa gramu 280, basi gunia la kilo 80 litatoa kilo 22.4 za kiini, ambazo wafanyabiashara wa korosho dunia nzima huzitaja kwa pauni: 49 na ushei.

Kazi hiyo, inayorudi kila msimu katika maghala ya Masasi na Newala, ina kanuni zisizohitaji kubandikwa ukutani. Sampuli haichotwi gunia la juu peke yake, maana hilo ndilo ambalo mwenye mali angependa lionekane. Hatua hazibadilishwi kati ya mzigo wa mwanachama huyu na wa yule. Na mkaguzi mwingine akirudia kazi hiyohiyo kwenye lundo lilelile, jibu lake linapaswa kukaribiana na la kwanza. Majibu yakipishana sana, kuna jambo la kuchunguza.

Katika ofisi ya makarani upande wa pili wa ua, mara nyingi kuna chombo ambacho hakipimwi namna hiyo. Ni sanduku linalovuma chini ya meza, limefunikwa vumbi jekundu, ambalo ndani yake hukaa orodha za wakulima, hati za mizani, majedwali ya malipo na picha za stakabadhi zilizoskaniwa. Makarani huliita seva. Siku nyingi za mwaka linatosha. Siku ya malipo linaanza kuburuta miguu, mafaili yanafunguka kwa kusitasita, na nje kuna watu wamekaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Swali la sura hii ni moja: ingewezekanaje kujua mapema?

Kutoka sanduku la zabuni hadi skrini

Uzito wa swali unaonekana vizuri zaidi mtu akikumbuka njia ambayo biashara ya korosho imepita. Sheria ya Stakabadhi Ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zikaingia kwenye mfumo huo. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, ambacho watu wamezoea kukiita AMCOS. Chama hupeleka ghala kuu. Wanunuzi hushindana mnadani. Vyama vya Masasi viko chini ya chama kikuu cha MAMCU, na vya Newala viko chini ya TANECU, ambacho jina lake limebeba Tandahimba na Newala kwa pamoja.

Kwa miaka mingi wanunuzi walileta bei zao kwa karatasi, na barua za zabuni zilifunguliwa mbele ya wakulima waliokusanyika. Msimu wa 2024/25 mnada ukahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wakulima sasa hutazama bei zikipanda kwenye skrini, kisha huamua kukubali au kukataa kuuza. Oktoba 2024 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na kufikia mwisho wa msimu nchi ilikuwa imekusanya zaidi ya tani 500,000.

Tani 500,000 ni kilo milioni 500. Kama kila safari ya kwenda kwenye mizani ingekuwa ya kilo 200, hizo ni safari milioni 2.5, na kila safari huacha karatasi nyuma yake. Karatasi hiyo huingizwa kwenye kompyuta, hulinganishwa na orodha ya wanachama, hukatwa makato, kisha hugeuka kuwa mstari kwenye faili la malipo linalopelekwa benki. Mfumo wa mnada wenyewe una wataalamu wake. Lakini kazi ya kuchambua na kupanga mafaili inabaki kwenye meza za makarani, na makarani sita wanaofanya kazi kwenye folda moja wanategemea seva moja.

Lori na bodaboda

Seva ya mafaili ni kompyuta inayowapa kompyuta nyingine nafasi ya kuhifadhi kana kwamba diski yake ni yao. Wazo hilo lilienea baada ya kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani kutoa itifaki ya NFS mwaka 1984. Kwa upande wa kompyuta za Windows, itifaki inayotawala ni SMB. Mwishoni mwa mwaka 1991 Andrew Tridgell, aliyekuwa akisoma Canberra nchini Australia, alianza kuandika programu ambayo baadaye iliitwa Samba, iliyowezesha kompyuta za Unix, na hatimaye za Linux, kuhudumia kompyuta za Windows. Programu hiyo ni ya bure, na ndiyo inayoendesha seva nyingi ndogo za maofisini.

Kuuliza seva hiyo "ina kasi gani" ni sawa na kuuliza chombo cha usafiri kina kasi gani bila kusema kinabeba nini. Lori hubeba magunia mengi kutoka Newala hadi bandari ya Mtwara. Bodaboda hubeba bahasha moja lakini hupita pale lori lisipopita. Kunakili faili moja la gigabaiti 10 ni kazi ya lori: kinachohesabiwa ni megabaiti ngapi zinapita kila sekunde. Kufungua folda yenye hati 2,000 ndogo ni kazi ya bodaboda: kinachohesabiwa ni safari ngapi za kwenda na kurudi zinawezekana, na kila safari inachukua muda gani. Seva inaweza kung'ara kwenye kipimo cha kwanza ikaaibika kwenye cha pili. Kazi ya karani wa chama cha msingi karibu yote ni ya aina ya pili.

Tena mwendo wa seva hauamuliwi na seva peke yake. Hili watu wa Newala hawahitaji kufundishwa, kwa sababu wameishi nalo kwenye maji. Uwanda wa Makonde umeinuka, na maji hayakai juu. Kwa vizazi vingi kina mama waliteremka mabondeni na kupanda na ndoo vichwani. Mradi wa maji wa Makonde huyasukuma kutoka chanzo cha Mitema hadi juu ya uwanda. Bomba likitoa maji kiduchu mtaani, kosa linaweza kuwa kwenye pampu, kwenye bomba kuu, kwenye tangi, au kwenye koki ya nyumba yenyewe. Anayebadilisha koki wakati pampu ndiyo iliyochoka anapoteza hela. Vivyo hivyo diski, kumbukumbu, kebo, swichi na kompyuta ya karani vimepangana mstari mmoja, na kasi ya vyote ni kasi ya pale njia inapobana.

Ugomvi wa mwaka 1999

Aprili 1999 kampuni ya Mindcraft ilitoa ripoti iliyowasha moto. Ilisema kwamba Windows NT ya Microsoft, kwenye seva moja kubwa ya Dell yenye prosesa nne, ilihudumia mafaili mara 2.5 zaidi ya Linux yenye Samba, na kurasa za wavuti mara 3.7 zaidi. Mashabiki wa Linux wakahamaki. Haukupita muda ikajulikana kwamba Microsoft ndiyo iliyolipia jaribio, na kwamba lilifanyika kwenye maabara yake. Windows ilikuwa imeandaliwa na wanaoijua nje na ndani. Linux haikupata bahati hiyo.

Ugomvi huo ungeweza kubaki wa maneno, huyu akisema umeibiwa na yule akisema wewe mwongo. Badala yake pande zote zilikubali kurudia. Mwezi Juni mwaka huohuo jaribio lilifanyika upya kwenye maabara ya jarida la PC Week, wataalamu wa Linux wakiwapo. Pengo lilipungua, ila Windows ilishinda tena.

Hapo ndipo kipimo kilipozaa matunda. Waandishi wa Linux walipochimba waligundua kwamba sehemu ya mtandao katika kiini cha mfumo wao, toleo la 2.2, iliruhusu prosesa moja tu kufanya kazi kwa wakati mmoja. Seva ilikuwa na prosesa nne na kadi nne za mtandao, lakini zilipanga foleni kwenye mlango mmoja. Kasoro hiyo ilirekebishwa, na toleo la 2.4 lilipotoka Januari 2001 foleni ile ilikuwa imevunjwa. Kiini kilipasuliwa hadharani, doa likaonekana, mwenye mali akalikubali.

Kulikuwa na tatizo jingine nyuma ya pazia. Kipimo kilichotumika kuzihukumu seva za mafaili za Windows wakati huo, NetBench, kilihitaji maabara ya kompyuta 60 hadi 150 zikiishambulia seva kwa pamoja. Nani katika watu waliokuwa wakiandika Samba usiku kwa mapenzi yao angekuwa na vyumba vya kompyuta 100? Tridgell akaandika dbench, programu ndogo inayosoma orodha ya matendo ambayo NetBench hufanya (fungua, soma, andika, funga) na kuyarudia kutoka mashine moja inayojifanya wateja wengi. Kuanzia hapo mtu mwenye kompyuta moja ya mkononi aliweza kuiuliza seva yake swali lilelile ambalo makampuni makubwa yalikuwa yakiuliza.

Mizani nayo huharibika

Wazalishaji wa seva walikuwa wameshaliona tatizo la vipimo visivyolingana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Legato ilikuwa na kipimo chake cha NFS kilichoitwa nhfsstone, lakini kila muuzaji alikiendesha kwa namna iliyompendeza. Makampuni sita yakakaa pamoja kutengeneza kimoja cha wote, likazaliwa jina LADDIS kutokana na herufi zao za kwanza: Legato, Auspex, Digital, Data General, Interphase na Sun. Mwaka 1993 shirika la viwango vya utendaji la SPEC lilikipokea na kukitoa kwa jina la SFS. Mtengenezaji akitaka kutangaza namba ilimbidi aeleze kila kitu: diski ngapi, kumbukumbu kiasi gani, mtandao wa aina gani.

Hata hivyo mwaka 2001 SPEC ilikiri kwamba toleo lake la SFS97 lilikuwa na kasoro katika namna lilivyochagua mafaili ya kupima. Likasimamishwa na kubadilishwa. Watu wa Masasi wanajua kwa nini jambo la namna hiyo ni zito. Ndiyo sababu Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuigonga stampu, na ndiyo sababu neno kangomba ni la lawama huku kusini. Kangomba ni ununuzi wa kichochoroni, korosho zikipimwa kwa bakuli ambalo mnunuzi peke yake ndiye anayejua ujazo wake. Mkulima hupunjwa hata kama bei ya kila bakuli inasikika nzuri.

Makangomba ya kompyuta yapo tele. Mwaka 2008 watafiti Avishay Traeger na Erez Zadok, pamoja na wenzao wawili, walichapisha uchunguzi wa vipimo 415 vya mifumo ya mafaili vilivyotajwa katika makala 106 za kitaalamu. Walikuta kwamba vipimo vilivyopendwa zaidi vilikuwa na kasoro, na kwamba makala nyingi hazikueleza vya kutosha ili mtu mwingine aweze kurudia. Hao walikuwa wasomi wakiandikia wasomi. Kipeperushi cha muuzaji je?

Bakuli la kawaida kuliko yote ni kumbukumbu ya muda. Seva yenye gigabaiti 16 za kumbukumbu ikipimwa kwa faili la gigabaiti 2, faili zima hukaa kwenye kumbukumbu, na mara ya pili kusomwa diski haiguswi kabisa. Namba inayotoka ni ya kupendeza na haina maana. Siku ya malipo, makarani sita wanapogusa mafaili mengi tofauti, diski italazimika kufanya kazi, na hapo ndipo ukweli utakapojulikana.

Bakuli la pili ni mzigo usio wako. Waswahili walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kipimo cha muuzaji ndicho kanda lenyewe: faili moja kubwa, mteja mmoja, mstari ulionyooka. SPEC wenyewe walikuja kulikubali hilo. Toleo lao la 2014 liliacha kuiga maombi ya NFS peke yake, likaanza kuiga kazi zenyewe: hifadhidata, ujenzi wa programu, kurekodi video.

Mtu huchoka, mashine hairuki hatua

Kama kanuni zinajulikana, kwa nini watu hupima vibaya? Jibu ni kwamba kupima vizuri kunachosha. Ni lazima kusafisha kumbukumbu, kufungua upya muunganisho, kuendesha, kuandika namba, kurudia mara tano, kisha kubadilisha kitu kimoja na kuanza tena. Mara ya nne simu inaita, mtu anaruka hatua. Mara ya tano mtu anaona namba mbaya na kusema, "hiyo ilikuwa bahati mbaya," akaifuta. Mkono wa binadamu unachagua gunia la juu bila hata kukusudia.

Ndiyo maana kazi hii hukabidhiwa skripti. Mwaka 2005 kundi la Zadok katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, lilieleza mfumo wao uitwao Auto-pilot, uliotengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Haukuendesha vipimo tu, bali uliyakokotoa matokeo na kuendelea kurudia mpaka kutokuwa na uhakika kupungue chini ya kiwango kilichowekwa, kwa mfano asilimia 5 ya wastani. Namba zikiyumba, uliendelea wenyewe hadi usiku wa manane bila kununa. Siku hizi mtu hahitaji mfumo mkubwa kiasi hicho kwa ofisi ndogo. Programu ya fio, iliyoandikwa na Jens Axboe kwa sababu alichoka kuandika programu mpya ya majaribio kila alipotaka kupima kitu, ni ya bure na hutoa matokeo ambayo mashine nyingine inaweza kuyasoma.

Tuseme chama kimoja mjini Newala kina seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, swichi moja na kompyuta sita za makarani. Kipimo chake cha usiku kinaweza kwenda hivi.

Saa 8 usiku kompyuta moja ya karani, iliyoachwa imewashwa makusudi, inaamka na kuanza kwa kuandika mazingira: tarehe, toleo la mfumo, nafasi iliyobaki kwenye diski, kasi ambayo kadi ya mtandao imekubaliana na swichi, na kama umeme ni wa gridi au wa jenereta. Bila hayo, namba ya leo haiwezi kulinganishwa na ya mwezi ujao. Inatengeneza faili la majaribio la gigabaiti 40, kubwa kuliko kumbukumbu ya seva. Inasafisha kumbukumbu za pande zote mbili na kufungua muunganisho upya. Inasoma faili kubwa, inaliandika, kisha inaingia kwenye kazi inayofanana na ya mchana: kutengeneza hati 2,000 za kilobaiti 30, kuorodhesha folda, kufungua kila hati, kuzifuta. Mara ya kwanza kwa mteja mmoja, mara ya pili kwa wateja sita wa kuiga. Kila hatua inarudiwa mara tano. Kabla ya saa 11 alfajiri namba zimeshaandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari la kielektroniki na kulinganishwa na usiku 30 uliopita. Tofauti ikizidi asilimia 15, ujumbe mfupi unakwenda kwenye simu ya fundi.

Wiki tatu zinapita bila neno. Usiku wa ishirini na mbili ujumbe unafika: kusoma faili kubwa kumeanguka kutoka megabaiti 110 kwa sekunde hadi 11. Fundi hahitaji kubashiri. Mstari wa mazingira unaonyesha kwamba kadi ya mtandao, iliyokuwa ikizungumza na swichi kwa megabiti 1,000, sasa inazungumza kwa 100. Kebo ya mtandao ina jozi nne za nyaya. Kasi ya 1,000 inazitaka zote nne, kasi ya 100 inatosheka na mbili. Jozi moja imekatika. Anaifuata kebo ukutani mpaka pale ilipopita chini ya mlango, mahali ambapo kila anayeingia huikanyaga. Kebo mpya ni ya bei ndogo. Bila daftari, mtu angeshauri kununua seva.

Mfano huo ni wa kubuni, lakini kebo iliyokanyagwa, diski moja inayokufa polepole, na sasisho la programu linalopunguza kasi bila kuaga ni magonjwa ya kila siku ya seva. Yote yana tabia moja: huja kidogo kidogo, na jicho la karani huzoea.

Daftari lenyewe lataka kusomwa kwa akili. Wastani huficha. Kama hati 99 kati ya 100 zinafunguka kwa milisekunde 10 na moja inachukua sekunde 3, wastani ni milisekunde 40 na unapendeza machoni. Lakini karani anayefungua hati mia kwa saa anakwama kila saa, na hicho ndicho atakachokikumbuka. Kwa hiyo skripti nzuri huandika pia ile hati ya polepole zaidi. Vilevile kipimo kisigongane na kazi nyingine ya usiku: nakala rudufu ikianza saa 8 na kipimo kikianza saa 8, kila kimoja kitamsingizia mwenzake. Na katika kutafuta dawa, hubadilishwa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Watafiti wa korosho wa kituo cha Naliendele, Mtwara, wanaojaribu dawa ya kuzuia ubwiriunga hubakiza miti isiyopuliziwa kwenye shamba lilelile. Vinginevyo mavuno yakiongezeka hakuna atakayejua kama ni dawa au ni mvua.

Umeme ukikatika

Kuna namba moja ambayo, ikiwa kubwa mno, inapaswa kumtia mtu wasiwasi. Ni kasi ya kuandika. Seva ya NFS inaweza kuwekwa kwa namna mbili. Katika namna ya kwanza, karani akihifadhi faili, seva husema "nimepokea" baada tu ya data kukaa kwenye diski. Katika namna ya pili husema "nimepokea" mara moja, data ikiwa bado kwenye kumbukumbu, na huiandika diskini ikipata nafasi. Namna ya pili ina kasi kubwa sana kwenye kipimo. Matoleo ya awali ya vifaa vya NFS vya Linux yaliifanya kuwa chaguo la kawaida. Baadaye waandishi wake walibadilisha msimamo wakaweka ile ya kwanza.

Sababu yake haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Mtwara na Lindi, mikoa ambayo kwa muda mrefu ilipata umeme wa gesi ya Mnazi Bay kutoka mitambo ya Mtwara, nje ya gridi ya taifa. Umeme ukizimika ghafla, kila kilichokuwa kwenye kumbukumbu hupotea. Karani ameona "imehifadhiwa." Mkulima ameondoka. Mstari wake haupo. Kwa hiyo seti ya vipimo iwe na jaribio moja lisilo la kasi, ambalo fundi hulifanya mchana kwa mkono wake kwenye nakala ya seva: andika hati, subiri neno "nimepokea," chomoa waya wa umeme, washa tena, hesabu kilichobaki.

Karibu na mbali

Mtu anaweza kusema dawa ni kuachana na sanduku la chini ya meza na kuweka kila kitu Dar es Salaam, kwenye kituo cha data, kwa kuwa nyaya za mkongo wa taifa zimeshaifikia mikoa ya kusini. Hoja hiyo ina nguvu kwa usalama wa nakala. Kwa mwendo wa kazi, hesabu ni tofauti. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Masasi hadi Dar ni kilomita 600 hivi. Kwenda na kurudi ni 1,200, yaani milisekunde 6 hata kama njiani hakuna kituo hata kimoja. Vituo vipo, kwa hiyo tuseme milisekunde 20. Kazi inayohitaji safari 1,000 za kwenda na kurudi itachukua sekunde 20. Kwenye mtandao wa ndani ya ofisi, ambako safari moja inaweza kuwa sehemu mbili za kumi za milisekunde, kazi hiyohiyo huisha kwa sekunde 0.2. Hakuna pesa inayoweza kununua mwanga wenye kasi zaidi.

Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Msimu wa korosho ulikuwa haujaanza. Seva iliyokuwa ndani ya ofisi siku hiyo iliendelea kuwahudumia makarani kana kwamba hakuna lililotokea. Aliyeegemea huduma za nje alibaki anatazama duara likizunguka. Vyama vinavyotaka kuchagua kati ya karibu na mbali vinaweza kuendesha skripti ileile pande zote mbili kwa mwezi mmoja na kuweka madaftari mawili mezani.

Jambo la mwisho ni la bodi za vyama na maofisa ununuzi. Mkataba wa kununua seva unaweza kuwa na kifungu kimoja cha ziada: malipo ya mwisho hutolewa baada ya seva kupimwa ofisini kwa mnunuzi, kwa mzigo wa mnunuzi, usiku 14 mfululizo, na daftari la matokeo kubaki mali ya chama. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakikimbia kifungu hicho. Kazi hiyo ifanyike Agosti, wakati korosho bado ni maua na matunda machanga mitini na kebo mbovu inaweza kubadilishwa bila mtu kusubiri chini ya mwembe. Mizani ya ghalani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kugongwa stampu. Seva inayobeba kilo hizohizo hadi benki haina mkaguzi anayetumwa na serikali, na skripti ya kuikagua ni ya bure.